Pipa la Kabichi

Jumapili asubuhi, mgeni mwenye kofia ya manyoya alibisha hodi kwa Mama Hruska, tulikopanga sisi wafanyakazi wa kiwanda cha chuma, Ohio. Alitoka timu ya kulipwa ya mji mwingine, na alimtaka mpangaji mwenzetu Emmet, aliyeichezea timu yetu ndogo mpira wa Kimarekani.

"Beki wetu kaumia. Twende sasa hivi, treni inaondoka. Utacheza leo kwa jina la bandia, na ukitupendeza, utaishi kwa mpira. Tanuri la kiwandani utalisahau."

Uso wa Emmet uling'aa. Kisha akalitazama pipa jikoni. Kabichi ilikwisha kukatwa na kutiwa chumvi, nayo ilisubiri mtu mzito wa kuikanyaga ishindiliwe, ichachuke iwe akiba ya majira ya baridi. Mzee Hruska, mume wa mama, aliyeikanyaga kila vuli, alikuwa amefariki.

"Nilimwahidi mama nitamkanyagia," Emmet alisema.

"Nenda, mwanangu. Nitaikanyaga mwenyewe," Mama Hruska alisema.

"Kwa vijiguu hivyo, mama? Kabichi itakucheka!"

"Kaka, nafasi hii hairudi," mgeni alisema.

"Najua, bwana."

Treni ilipolia kituoni, Emmet alikuwa amekwisha kuosha miguu kwa sabuni. Aliingia pipani, akamshika Mama Hruska bega, akaanza kukanyaga huku akipiga mluzi.