Shimo la Nguzo

Ijumaa tarehe 21 Machi mwaka 2025, kabla jua halijachomoza, mke wangu Pascalia alitumbukia katika shimo la nguzo ya stima akiwa amebeba ndoo ya maji ya kahawa. Mvua ilikuwa imelijaza lile shimo mpaka mdomoni, likaonekana kama dimbwi lolote la barabarani. Tulimtoa akiwa bado anapumua. Jumapili hakuiona.

Shimo hilo lilichimbwa na watu wa serikali. Wa idara gani, sijui, maana kila ofisi niliyoenda kuuliza ilinionyesha mlango wa jirani yake. Walikuja na makoti ya kung'aa, wakachimba hapa katikati ya soko letu dogo, ukishapita Lubao, wakasema nguzo inakuja, stima inakuja, soko litawaka kama mji. Mkubwa mmoja akapigwa picha ameshika koleo kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe na anaogopa atakojolewa. Kisha wakapanda magari yao. Nguzo mpaka leo iko njiani. Labda inakuja kwa miguu.

Mkokoteni wa kahawa ulikuwa wazo la Pascalia. Mimi nimekata miwa tangu nilipoacha shule nikiwa mtoto, na kwetu mtu hunywa chai. Lakini yeye alikuwa ameona mashine kule Kakamega mjini, inasaga buni na kuichemsha yenyewe, na watu wanapanga foleni. Akaniambia, "Baba Navalayo, hawa watu wa mbwa hupita hapa kila Ijumaa alfajiri wakienda Lubao, na baridi inawatafuna. Unafikiri hawana koo?" Maana Lubao watu huuza mbwa sokoni kama wengine wanavyouza mbuzi. Basi mashine ikapatikana. Fundi wa kuchomelea akatutengenezea mkokoteni wenye magurudumu mawili ya pikipiki, Pascalia akaupaka rangi nyekundu. Tukabaki kukosa vitu viwili tu: mahali pa kuuweka, na stima ya kuiamsha mashine. Tuliambiwa tungoje nguzo. Alipochoka kungoja, aliomba stima kwa rafiki yake Beldina, mwenye kinu cha kusaga mahindi. Ile asubuhi alikuwa anaenda kuijaribu.

Siku ya tatu baada ya mazishi ndiyo siku ya kunyolewa. Kwetu mfiwa huketi kwenye kiti mbele ya watu, na kabla wembe haujamaliza kazi, mzee huuliza kama kuna yeyote mwenye neno na marehemu. Kama ni kitu chake umeweka, sema. Kama kuna jambo lililompata na unalijua, sema. Likishasemwa limekwisha, kichwa kinanyolewa, na maisha yanaendelea.

Baba mkubwa Hezekiah ndiye aliyeshika wembe. Akauliza. Mama mmoja akasema ana sufuria ya Pascalia. Mwingine akasema alimwahidi kuku. Mimi nikainua mkono.

"Mwenye kiti haulizi," Hezekiah akasema.

"Leo anauliza. Nani alichimba lile shimo akaliacha wazi?"

Hapakuwa na mtu wa ofisi hata mmoja. Kwenye msiba walituma shada la maua na salamu. Nikasimama kutoka kwenye kiti na nywele zangu zote.

"Elkanah, usituletee mkosi! Keti!" Hezekiah akafoka.

"Nitaketi wakileta jibu."

Majirani wakaanza kunishauri niuze ile mashine. Nikawaambia hivi: mke wamenichukulia, mashine hawanichukulii. Nikausukuma mkokoteni mpaka kwa Beldina.

Beldina ni mwanamke mnene, mweupe wa unga kutoka nyusi hadi kandambili. Akanipa nafasi kwenye veranda yake na akanichomekea waya. "Weka hapa, shemeji. Watu wakingoja unga wao, wanywe."

Haikufaa. Kinu kilipoanza kunguruma, mashine yangu ilizimia kama mtu aliyesikia habari mbaya. Hilo tulilitatua: yeye akisaga mimi nasimama, akizima mimi nachemsha. Lakini vumbi la unga halikutatulika. Liliingia kwenye kila tundu. Kikombe cha kwanza nilichomimina kilitoka kizito, na Beldina alipokionja alikunja uso.

"Shemeji, hii ni kahawa ama ni uji wa mgonjwa?"

Ilibidi nitoke kwenye vumbi, na nisiende mbali kuliko urefu wa waya. Upande wa kushoto kuna mtaro. Upande wa kulia wanafunga ng'ombe. Mbele, pale ambapo waya ulifika bila kuvutwa, karibu na barabara, kando ya vijana wa bodaboda, palikuwa pazuri kuliko pote sokoni. Pale ndipo palipokuwa na shimo.

Beldina aliona ninakotazama. "Hapana," akasema. "Baba Navalayo, pale hapana."

"Pale ndipo."

Nikausimamisha mkokoteni juu yake, gurudumu moja huku na jingine kule, shimo likabaki katikati, chini ya mashine. Tukaupitisha waya juu kwenye miti miwili mirefu ili usimnase mtu. Hakuna mama mwingine atakayetumbukia humo, nikasema, hata kama nitazeeka nimesimama hapa.

Kahawa sasa ilitoka nyeusi na safi, na harufu yake ikavuka barabara. Lakini hakuna aliyenunua. Watu wa mbwa walipita, wakanusa, wakatazama kichwa changu, wakaendelea. Kijana wa bodaboda anayeitwa Osundwa alikuja mpaka karibu, akarudi nyuma.

"Mzee, usinichukie. Mama yangu ameniambia nikinywa kitu kutoka kwa mkono wa mtu hajanyolewa, hata pikipiki itakufa."

"Hiyo pikipiki yako ilikufa zamani, wewe unaibembeleza tu."

Alicheka, lakini hakuchukua kikombe. Nilimwaga kahawa ile kwenye shimo. Pascalia alikuwa na haki ya kuionja.

Kwa hiyo ilikuwa hivi: nikinyolewa kimyakimya, nitauza. Nisiponyolewa, ninabaki na swali langu na mashine isiyo na mnywaji. Beldina aliniomba ninyolewe. Alilia akiniomba, machozi yakachora mistari kwenye unga. Hezekiah naye akaja. Nikawaambia, sawa, nitanyolewa, lakini hapa, Ijumaa, watu wakiwa wamejaa.

"Hapa sokoni? Mbele ya mbwa?" Hezekiah akauliza.

"Mbele ya yeyote."

Ijumaa nikaweka kiti kando ya mkokoteni. Hezekiah alikuwa ameshanilowesha kichwa na kunyoa upande wa kulia wote, watu wamezunguka, na yeye akiwa anajiandaa kuuliza, Clifford akatokea. Clifford ni msimamizi wa soko. Ana shati la mikono mirefu na viatu vya kuchongoka, na nyuma yake walikuwa askari wawili wa kanjo, yaani wa kaunti.

"Mzee, ondoa hiki kitu. Hapa ni mahali pa nguzo."

"Iko wapi?"

"Inakuja."

"Ikija nitasogea. Mimi nitakuwa wa kwanza kuipa mkono."

Watu wakacheka. Clifford akalegeza kola. "Usifanye mchezo. Huna kibali cha kuwa hapa."

"Na shimo lilikuwa na kibali?"

"Mzee, hayo ni mambo ya ofisi..."

"Kijana," Hezekiah akamkatiza, wembe ukiwa juu. Sikutegemea. Sauti yake ilikuwa ile ya matangani, na hata askari wakavua kofia. "Umeingia penye kunyolewa. Aliyeingia huulizwa kama wengine. Kuna mwenye neno na marehemu Pascalia? Kuna anayejua jambo lililompata?"

Kinu Beldina alikuwa amekizima. Nilimtazama Clifford nikiwa nimeketi, maji yakinitiririka shingoni.

"Nani alichimba lile shimo akaliacha wazi?"

Clifford akatazama simu yake, ambayo haikuwa imelia. Akasema atapigia wakubwa. Akaondoka na askari wake, na mmoja wao, nilimwona, akageuka kunipungia kofia.

Hezekiah akaukunja wembe, akautia mfukoni.

"Baba mkubwa, hujamaliza."

"Jibu halijatoka. Nimalize nini?"

Nikasimama hivyo hivyo, upande mmoja kipara, upande mwingine kichaka. Hakuna aliyejua afanye nini. Ndipo Osundwa akajipenyeza mbele, akanikagua kutoka kulia, akazunguka kushoto, akarudi kulia.

"Nusu yake iko safi," akatangaza. "Mzee, nipe moja. Lakini nimiminie na mkono wa upande huu."

Beldina alicheka mpaka akashika ukuta. Nikammiminia kwa mkono wa kulia. Alikunywa, tukatazama pikipiki yake, ikawaka. Wa pili akawa mtu wa mbwa, kisha mama aliyengoja unga, kisha sikupata nafasi ya kuwatazama.

Siku hizi mimi huwasha mashine Beldina akizima kinu, na huizima yeye akikiwasha. Wembe umebaki kwa Hezekiah. Kila mwezi mkono wangu mwenyewe, kwa wembe wa dukani, hunyoa upande wa kulia. Wa kushoto siugusi. Watoto hunionyesha kidole, na wageni huuliza, na mimi huwaeleza wote, kwa sauti, maana Clifford hupita upande ule wa barabara akijifanya anatafuta kitu mifukoni.

Nguzo wakiileta, nitausogeza mkokoteni na soko litapata stima. Wasipoileta, niko hapa. Lakini nguzo siyo jibu. Kila apitapo yule msimamizi, namwinulia kikombe chenye moshi, bure, na kumwita kwa jina lake.

"Clifford! Nani alichimba hili shimo akaliacha wazi?"