Kilo Kumi na Saba za Fundi Cherehani

Jumanne, saa mbili asubuhi, mfamasia alivaa glovu mbili kila mkono, akafuta kabati la kuchanganyia dawa kwa spiriti, kisha akasoma karatasi ya kwanza. Fundi cherehani, saratani ya titi, mzunguko wa nne wa dawa, kilo sabini na moja. Akainua macho dirishani. Benchi la kusubiria lilikuwa limejaa uzito, kama kila Jumanne.

Kilo tatu za mwalimu, ukubwa wa mtoto mchanga, zilikuwa zimelazwa juu ya mkoba. Kilo tisa za muuza maziwa zilisinzia. Pembeni, mikono mapajani, zilikaa kilo kumi na saba za fundi cherehani: mashavu, nyonga, na ile mikono minene aliyokuwa akiwabebea wanawe.

"Hamjambo?" mfamasia alisema.

"Hatujambo, mwanangu. Tumefuata dawa yetu."

"Mwenyewe je?"

"Yuko juu, kitandani. Amebaki mifupa mitupu. Lakini karatasi imetuhesabu na sisi, si ndiyo?"

Ndiyo. Dawa yake, ile nyekundu ya saratani, hupimwa kwa urefu na uzito wa mgonjwa, na uzito huchukuliwa siku ya kwanza tu. Baada ya hapo kila daktari hunakili karatasi ya mwenzake, maana mizani iko chini, wodi iko ghorofa ya tatu, na lifti ilikufa zamani. Kilo zinazompungua mgonjwa hazipewi kitanda, basi hushukia famasi kudai chao.

Mfamasia alikuwa amesoma miaka ya ziada ili akae kando ya kitanda cha mgonjwa. Hospitali ikampa dirisha. Aliloliona aliliandika kwenye karatasi ya njano, nayo ikapanda kwa daktari na mhudumu. Karatasi za fundi cherehani zilikuwa zimeshapanda tatu. Leo alipiga simu.

"Daktari, huyu mama ana kilo hamsini na nne. Mdomo umeshaota vidonda. Nikichanganya kipimo hiki, kinga yake inakwisha."

"Nani kampima?"

"Hizo nyingine kumi na saba ziko hapa kwangu, benchini."

"Zina namba ya faili?"

"Hazina."

"Basi, dada yangu, andika karatasi ya njano. Bosi akipita akakuta dripu haijatundikwa, huulizwi wewe. Naulizwa mimi."

Mfamasia aliandika ya nne. Kisha akavua glovu, akakaa. Saa tano, msimamizi wake, mzee aliyebakiza miezi miwili astaafu, alivaa za kwake.

"Mwenye nguvu mpishe, mwanangu," alisema, akachanganya kama ilivyoandikwa, hadi tone la mwisho. Lebo aliibandika ikanyooka vizuri.

Kilo kumi na saba ziliufuata mfuko mwekundu hadi kwenye ngazi. Mlinzi akazizuia kwa adabu: saa ya kuona wagonjwa ilikuwa bado. Zikarudi benchini. Huko juu fundi cherehani akaingizwa mshipani, peke yake, fungu la watu wawili waliopaswa kugawana.

Siku ya tisa homa ilipanda. Siku ya kumi na mbili, kabla ya chai, kilo hamsini na nne zilizosalia zilishuka ngazi polepole, zikaketi na wenzao, zikashikana. Fundi cherehani akawa mzima, mnene, amependeza.

"Pole, mama," mfamasia alisema.

"Nimeshapoa. Wanangu wamechukuliwa na dada yangu. Mdogo hajui kulala bila kushika sikio la mtu, sijui kama nilimwambia."

Uongozi, ulipopita na kuona watu wamebanana, uliagiza benchi la pili.

Jumanne ya mzunguko wa tano, karatasi ilishuka kama kawaida, imenakiliwa vizuri. Fundi cherehani, saratani ya titi, kilo sabini na moja. Mfamasia aliangalia karatasi, akaangalia benchi, akapiga hesabu mara mbili kama alivyofundishwa. Kwa mara ya kwanza tangu mzunguko wa kwanza, uzito ulikuwa sahihi.