Kipete cha Gego

Alichokiona Nyaboke kwanza kilikuwa doa, dogo kama yai la chawa, ndani ya kipete cha chuma kinachovishwa gego ili kushika waya wa kunyoosha meno. Lakini kipete alikwisha kukitoa kisandukuni. Kilikuwa kwenye koleo la Daktari Muhdhar.

Kulthum, msichana wa miaka kumi na miwili, alikaa kitini kinywa wazi, pamba mashavuni. Mama yake, Bi Mwanamina, alijipepea mlangoni kwa kadi ya kliniki.

"Daktari, ukishamnyoosha meno, mnyooshe na ulimi. Nyumbani hanyamazi."

"Ulimi siuwezi, bibie. Huo kaurithi. Nyaboke, koroga saruji."

Akakoroga juu ya kipande cha kioo. Saruji ya meno haingoji. Dakika chache tu inakuwa jiwe. Mkono ulikwenda wenyewe, mkono uliochemsha vyombo vya chumba hiki miezi saba. Makoleo, vioo, waya zilizotoka kinywani: dakika ishirini, kwa saa iliyotundikwa juu ya kalenda ya 1986. Vipete vya kisanduku cha bluu tu havikuchemshwa. Hivyo vilikuwa vipya.

Jumanne, kipete kimoja cha humo kilijaribiwa kwenye gego la Wangu, binti wa meneja wa hoteli, kikambana. Daktari alikuwa akiita pamba, pamba haraka, na Nyaboke akakirudisha kisandukuni. Aliyaona pia macho ya Wangu, manjano kama yaliyopakwa bizari. Jana, nyumbani kwake Muyeye, jirani anayefua hotelini alimwambia kwamba Wangu amelazwa hospitali ya Kilifi. Ugonjwa wa ini, ule unaoambukizwa kwa damu.

Idah, aliyemtangulia kazini, alifukuzwa kwa kuvunja kioo kimoja.

"Daktari." Akasogea karibu. "Daktari, kina doa."

Muhdhar akakiinua kwenye taa. "Kutu. Hawa wa kiwandani nao!" Akakipangusa kwa pamba yenye spiriti. "Lete saruji, inakauka hiyo."

"Kuna nini?" Bi Mwanamina akaacha kujipepea.

"Hakuna kitu, bibie. Msaidizi wangu leo kaota macho mengine."

Bi Mwanamina akacheka. Daktari akakijaza kipete saruji, akainama. Kulthum akafumba macho.

Nyaboke akamshika daktari kifundo cha mkono. Hakuwahi kumgusa. Koleo likasimama hewani, upana wa kidole kutoka kwenye gego, na saruji ikaanza kupoteza mng'ao.

"Umeingiwa na wazimu? Niachie!"

Hakuachia.

"Si kutu, Daktari. Ni damu ya Wangu. Nilikirudisha mimi, sikukichemsha. Na tangu Jumanne kimelala na vyote vilivyomo kisandukuni."