Walburga Akataa Kushukuriwa

Jumuiya ilishajaa sebuleni kwa Walburga, mtaa wa Mfaranyaki mjini Songea, kumshukuru Mungu kwa moyo wake mzima, na mwenye moyo alikuwa amenuna. Kwa miezi mingi, kila alipopanda kilima akitoka sokoni, kifua kilimbana mpaka anasimama. Vipimo vya pale Songea havikuona kitu. Akapelekwa Dar kwenye mashine ya MRI, akachomwa dawa ya kuupa moyo kazi kama vile anapanda mlima, akapigwa picha. Majibu yakaja safi. Mwanawe George, mwalimu, akafurahi mpaka akaalika watu bila kumuuliza.

Makarius, mwenyekiti wa jumuiya, alipofungua kitabu cha sala, Walburga alisimama.

"Mzee Makarius, subiri kwanza. Mimi sijapona."

"Mama, majibu si tumeyasoma wote?" George alisema kwa aibu.

"Ninyi mmesoma karatasi. Kilima napanda mimi. Daktari alisema dawa ikiingia nitahema, kifua kitabana. Nililala mle kama niko kitandani kwangu. Mpigie."

George akapiga, akaweka sauti wote wasikie.

"Shikamoo mama," daktari alisema.

"Marahaba. Dawa yenu haikunifanya kitu. Kwa nini?"

"Siku ile ulikunywa kahawa?"

"Mliikataza, sikuigusa. Nilikunywa chai ya rangi tu, kikombe kikubwa."

Sebuleni hakuna aliyeona kosa hapo. Kwao chai hupewa hata mgonjwa aliyeshindwa uji.

Daktari alishusha pumzi. "Chai nayo inaizuia ile dawa, mama. Tulipaswa kukwambia. Picha zile si za kuaminika. Urudi."

Careen, mkewe George, alikuwa anapita na birika. Walburga akafunika kikombe chake kwa kiganja.

"Msishukuru bado," aliwaambia wageni. "Mkitaka kuomba, ombeni nifike."

Makarius akafunga kitabu.

Akarudi Dar bila kugusa chai, na safari hii dawa ilipoingia, kifua kilimbana kama yuko katikati ya kilima. Walburga akacheka mle ndani ya mashine mpaka akaambiwa atulie. Picha zikaonyesha sehemu ya moyo imebaki nyeusi, damu haifiki. Mshipa ulikuwa karibu kuziba, na kesho yake wangeuzibua.

Jioni George alipiga simu. "Pole, mama."

"Pole ya nini? Mwambie Makarius sasa afungue kitabu."