Mchezo wa Kutajana

Dokta Felicitas alipiga kigelegele peke yake jikoni kwake Mbweni, chai ikiwa bado ya moto. Simu ilikuwa inamwonyesha kwamba makala zake za mchicha zimetajwa na wasomi wenzake mara mia na nne. Mwezi uliopita zilikuwa sitini na kitu. Chuo kilitaka mia ndipo mtu afikiriwe uprofesa, na fomu zilikuwa zinafungwa Jumatatu. Alishanyimwa mara mbili. Safari hii aliona kiti kimeshavutwa, bado kukaa tu.

Wasomi wana mambo yao. Ukiandika kitu, hakipimwi kwa watu waliokisoma wakanyamaza. Kinapimwa kwa wenzako walioandika vyao wakakutaja humo. Felicitas alikuwa amehangaika miaka na mchicha unaovumilia udongo wa chumvi wa Kunduchi, kwa hiyo alitaka kujua hawa wapya wamesemaje. Akafungua makala ya kwanza.

Ilikuwa ya Leodegar, mwenzake ofisini, mtu wa migomba. Ameandika kwamba migomba hupenda samadi, na mwisho wa sentensi kamtaja Felicitas. Ya pili ilikuwa ya Badru, kuhusu wadudu wa minazi. Sentensi moja tu, makala tano za Felicitas zimepangwa humo kama mabakuli. Ya tatu ilikuwa ya shoga yake Mwajabu, ya magugu. Akaweka simu mezani. Furaha ilimkauka.

Alikumbuka. Mwaka jana Mwajabu alisema waanzishe mchezo kama ule wa akina mama, ila badala ya kuchangiana hela watajane: kila zamu wote wanamtaja mmoja. Felicitas alicheka tu, akaendelea na kazi. Mwajabu alikihesabu kile kicheko kuwa ndiyo.

Alipompigia simu, Mwajabu alikuja mwenyewe, na vitumbua kwenye kontena.

"Profesa!" aliita tangu getini. "Profesa wangu mie!"

"Mwaja, chumvi ya Kunduchi imefikaje kwenye migomba ya Leodegar?"

"Kwani migomba haili chumvi?"

"Sitanii."

Mwajabu akaketi. "Mie ndiye kijumbe, mpanga zamu. Kila mtu alitaka kupokea kwanza. Nikawaambia hapana, dada yetu kanyimwa mara mbili, aanze yeye. Badru alinuna wiki nzima. Ndiyo shukrani hii?"

Hapo ndipo palipouma. Wangekuwa maadui, ingekuwa rahisi.

"Na mimi nalipaje?"

"Makala yako mpya. Unatutaja wote. Zamu inayofuata ni yangu."

"Mtu asome mchicha akute wadudu wa minazi?"

"Nani anasoma, shoga? Unadhani hao maprofesa wote walitajwa kwa mapenzi?"

"Sijui yao. Najua yangu. Kwenye fomu nitaandika hesabu yangu bila zenu."

"Watauliza kwa nini."

"Wakiuliza nitajibu."

"Utatuchoma!"

"Sitakwenda kuwasema. Ila nikiulizwa sidanganyi. Waambie wenzio mchezo usimame leo, kabla na wewe hujapokea."

Mwajabu alisimama. "Bila mia hawaisomi hata fomu yako."

"Najua."

"Utastaafu daktari."

"Nitastaafu daktari wa mchicha."

Mwajabu akafunika kontena lake, vitumbua vyote vikiwa ndani, akaondoka bila kuaga.

Felicitas akavuta kompyuta. Alimtoa Leodegar, akamtoa Badru, akamtoa Mwajabu na wenzao wa mchezo. Kisha akapitia waliobaki mmoja mmoja, maana alishaanza kuwatilia shaka wote. Wengi walikuwa wamemtaja kwa haki. Mmoja, Mbwana wa Pemba, alimtaja ili kumpinga. Ameandika wazi kwamba mchicha wa Dokta Felicitas aliupanda kwenye udongo wa chumvi, ukafa wote.

Makala hiyo hakuwahi kuifungua. Alikuwa ameihesabu tu, kama alivyohesabu nyingine.

Aliisoma mara mbili. Ilimkera. Lakini huyu aliusoma utafiti wake, akaingia shambani, akashika jembe. Akamwacha abaki kwenye hesabu.

Akaandika sitini na saba, akaituma fomu akijua mwaka huu uprofesa haupo. Hakuondoka mezani. Alianza barua pepe hapo hapo:

"Ndugu Mbwana, mchicha wako ulikufa ukiwa na umri gani? Nitumie udongo kidogo. Tuupande tena, wewe huko na mimi hapa, tujue nani kakosea."