Kinanda cha Gatwekera

Kinanda cha filimbi kilifika kanisa la Gatwekera, mtaani Kibera, mwaka wa 1999, kikiwa vipande ndani ya masanduku, kutoka kanisa fulani lililofungwa ng'ambo. Nusu ya filimbi za mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa. Mwanzia, seremala wa Kitui aliyeishi Kawangware, karibu na stendi ya 46, alizichonga upya: ndefu kupita mtu kwa sauti nzito, fupi kwa sauti nyembamba. Filimbi ndogo kabisa zilikuwa za chuma laini, hizo akazipangusa tu. Akashona mvukuto mpya wa kusukumia hewa kwenye filimbi, kwa ngozi ya kondoo. Kazi hiyo ilimlia Jumamosi za miaka mitatu.

Khamala, muuza makaa wa hapo hapo Gatwekera, ndiye aliyekuwa akisukuma mvukuto Mwanzia akipiga. Walikosana mara moja tu, siku Khamala aliposinzia na wimbo ukakatika watu wakiwa wameachama midomo.

Matokeo ya uchaguzi wa 2007 yalipotangazwa, ghasia zilizuka, barabara zikafungwa, na Mwanzia akakwama Kawangware. Siku ya tatu alisikia kwamba Kibera kunachomwa makanisa. Akampigia Khamala simu.

"Niangalilie kinanda."

"Naona moshi huko," Khamala akasema. "Wacha nifike."

Mwanzia hakumwambia asiende.

Khamala alivunja dirisha la kanisa, akatoa filimbi ndogo kumi na moja, akampa mkewe Nasipwondi, mama Benard, aliyesimama nje. Kisha akarudi ndani kuchukua za mbao, kwa sababu hizo ndizo rafiki yake alizochonga kwa mkono. Paa lililokuwa likiungua likamwangukia, akafia humo.

Barabara zilipofunguka, Mwanzia alitembea hadi kwa Nasipwondi. Alimkuta ameketi mlangoni.

"Ni wewe ulimtuma?"

"Ni mimi, mama Benard."

"Ulijua kuna moto?"

"Aliniambia kuna moshi. Nilijua."

Nasipwondi akaingia ndani, akatoka na filimbi zimefungwa kwa leso. "Chukua. Nikiziona, naona mgongo wake akiingia."

Mwanzia alizipokea. Akaketi kwenye vumbi, mtu mzima, akalia. Nasipwondi hakumfukuza, wala hakumbembeleza.

Mwaka uliofuata kanisa lilijengwa tena kwa mabati. Wazee wa kanisa walimsihi atengeneze kinanda kingine, akakataa. Akawatengenezea mabenchi tu. Benchi moja alimpelekea Nasipwondi. Miezi ikapita, kila akipita pale analiona nje ya mlango, limenyeshewa, hakuna aliyewahi kulikalia.