Spika Zilizopakwa Rangi

Shemeji alizifunga spika mbili za ukumbi kwa mikono yake mwenyewe, na alipomaliza akazipaka rangi ya maziwa, mara tatu, zifanane na ukuta. Kwa uzuri, hakuna aliyembishia. Ungeingia ukumbini usijue kama kuna spika. Shida ni kwamba hata mchezo ulipoanza, ulikuwa bado hujui.

Kikundi chao cha maigizo ndivyo kilivyoishi. Mshonaji aliuza tiketi, mwokaji mikate aliwasha taa, na Shemeji, mpaka rangi, akapewa kazi ya spika kwa kuwa ndiye pekee mwenye ngazi. Sasa ameitwa fundi wa sauti, dada wa mkewe, aje aokoe jahazi.

Lakini fundi hakuja kwa ajili ya spika tu. Baba yake ndiye aliyepewa nafasi ya babu mkaidi katika mchezo wa jioni hiyo, na tangu apasuliwe koo sauti yake ilibaki ya chini, ya kukwaruza. Muongozaji alishamwambia waziwazi: asiposikika kwenye zoezi la mchana, nafasi itakwenda kwa muuza dawa, mtu ambaye akikunong'oneza, jirani wa pili anaitikia. Mzee alisema "sawa" na kucheka. Fundi alimjua baba yake. Akicheka hivyo, ameumia.

Mama naye alikuwa ameshakaa mstari wa mbele, mkoba mapajani. Miaka yote alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ahakikishe sauti ya mumewe imefika. Siku hizi alikaa mbele, na ukimuuliza alisingizia macho.

"Shemeji," fundi aliita kutoka juu ya ngazi, "hizi spika umezipaka rangi au umezizika?"

"Wivu huo. Sema zimependeza."

"Zimependeza. Hata marehemu huvishwa akapendeza."

Shemeji alicheka mpaka ngazi ikatikisika, ikabidi akumbushwe kwamba yeye ndiye aliyeishika. Kitambaa cha mbele ya spika kilikuwa kimekauka kikawa kigumu kama biskuti. Fundi alikibandua, na mahali pake akatia kipande cha shela la bibi harusi lililokuwa kwenye sanduku la nguo za maigizo. Sauti ikapata pa kupitia.

Wakajaribu. Pembeni mwa ukumbi mambo yalikuwa shwari, ila katikati, penye viti vingi, sauti ilinywea. Fundi akatembea huku na huku akikuna kichwa, kisha akapanda tena na kuchungulia nyuma ya spika ya pili.

"Nani kaiweka waya nyekundu pa nyeusi?"

Shemeji alikohoa. "Nyekundu ilikuwa inaonekana kwa watu. Nikaona niifiche upande wa ukutani."

"Ndiyo maana hii inasukuma sauti na mwenzake anaivuta! Kama watu wawili wanaobeba meza, kila mmoja anataka mlango wake."

Sasa Shemeji hakucheka. Alimtazama mkwewe pale jukwaani, akashusha sauti. "Kumbe mzee wangu nimemziba mimi?"

Fundi alimhurumia. "Wewe shika ngazi," akamwambia. "Tunamzibua."

Alibadilisha nyaya, akashuka, akawasha mitambo. Muongozaji akaenda kukaa viti vya katikati, mikono kifuani, na muuza dawa kando yake, ameshaanza kusafisha koo. Mzee alisimama chini ya maikrofoni.

"Mlango ule nimeufunga mimi," alisema Mzee, taratibu, bila kujikakamua, "na hakuna atakayeufungua nikiwa hai."

Mkwaruzo wake ulijaa ukumbi mzima. Ule ule waliouonea aibu sasa ulikuwa ndio ukaidi wenyewe wa babu. Muongozaji akafungua mikono. Muuza dawa akameza mate na kusema, "Mimi huyu simuwezi."

Mama alichukua mkoba wake, akapita viti vya mbele, akawapita muongozaji na muuza dawa, akaenda mpaka mstari wa mwisho, karibu na mlango.

"Na macho je, Mama?" fundi aliuliza.

"Yamepona," alisema Mama, akakaa.